Nilidhani najua kuchapa, hadi nikapewa seli ya sola

Mkebe wenyewe ulikuwa mdogo, kama ule wa polishi ya viatu, lakini nilipouinua mkono ukashtuka. Nimechapa tishati Nakuru miaka tisa, najua wino wa mkebe saizi hiyo unakaa vipi mkononi, na huu ulikuwa kama mtu amejaza misumari ndani akafunga. Daktari (wa chuo, sio wa hospitali) akacheka. "Fundi, hiyo ni fedha, shika polepole." Nikadhani ni mzaha wa bei, kumbe alimaanisha fedha yenyewe, ile madini ya pete na mikufu, silva, imesagwa ikawa unga laini ikachanganywa na unga kidogo wa kioo na gundi fulani na mafuta mpaka ikawa uji mzito wa kijivu. Zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa ule uji ni silva. Nikaurudisha mezani vile unarudisha mtoto wa wenyewe.

Wacha nirudi nyuma kidogo ndio mjue fundi wa tishati alifikaje hapo. Mwaka 2017 sisi watu wa kuchapa Nakuru tulikula vizuri, kampeni zilikuwa za kufa mtu, tishati, kofia, leso, mabango, unachapa mpaka usiku wa manane, uchaguzi wa Agosti ukapita tukaanza kuosha skrini, zile fremu za neti tunazochapia, mara tukasikia unarudiwa Oktoba, tukaanza tena. Halafu kimya. Na hiyo kimya haikuisha, juu mashini za kuchapa moja kwa moja kutoka kwa kompyuta zilikuwa zimeshaingia mjini, kijana mdogo anakutolea tishati moja yenye rangi kumi na mbili wakati mimi bado naanika skrini kwa jua. Mama watoto ni mtu wa upande wa Kisumu, tukahamia huko, nikapata kibanda karibu na soko la Kibuye, nikaendelea na zile kazi ndogo ndogo, tishati za matanga, sare za kwaya, za chama.

Huyo Daktari alikuja kuchapisha tishati za wanafunzi wake. Ni mwalimu wa fizikia, chuo sitakitaja. Akanikuta navuta neti kwa fremu, akasimama pale karibu nusu saa, tishati zenyewe ameshasahau. Neti ni namba ngapi? Nikamwambia 43, yaani nyuzi 43 kwa sentimita. Unajuaje imekaza? Naigonga na kidole nasikiliza, kama ngoma. Skwiji, ule mpira wa kusukuma wino, unainamisha kiasi gani? Halafu akaniuliza pengo kati ya neti na nguo huwa naacha kiasi gani, na hapo ndio nikaacha kazi nikamwangalia vizuri, juu mteja wa kawaida hata hajui kama kuna pengo.

Akaniambia anajaribu kutengeneza seli za sola, ana skrini yake imetoka ng'ambo, ana wino maalum, ana silikoni imekatwa, lakini kila akichapa anapata matope. Akauliza kama naweza kuchapa mstari unaokaribia unywele. Nikasema naweza. Uongo mtupu, lakini biashara ilikuwa chini.

Kama hujawahi kuangalia paneli ya sola kwa karibu nenda uangalie. Ile bluu ama nyeusi ndio silikoni, na juu yake kuna mistari myembamba ya kijivu imepangwa kama meno ya kitana, halafu kuna michache mipana inaikata, hiyo mipana ndio inasoldiwa riboni za kuunganisha seli na seli. Miaka yote nilidhani ile mistari ni nyaya zimebandikwa, ama urembo tu. Kumbe imechapwa! Skrini, skwiji, uji, vilevile kama tishati ya Gor Mahia. Na sio eti ni njia ya jua kali, viwanda vikubwa vya dunia vinachapa hivyo tangu miaka ya 1970, juu kabla ya hapo walikuwa wanapuliza metali kwa mvuke ndani ya chombo kimenyonywa hewa yote, na hiyo ilikuwa bei ya setilaiti, sio bei ya paa la mabati.

Mistari ni ya nini? Jua likipiga silikoni umeme unazaliwa ndani, lakini lazima kitu kiuokote pale juu. Ngozi ya juu ya seli, ile imetiwa fosforasi, ni nyembamba sana, karibu nusu mikroni hivi (mikroni elfu moja ndio milimita moja), na umeme ukitembea kwa upande ndani ya hiyo ngozi unapotea njiani ukigeuka joto. So unaweka mistari karibu karibu, kila baada ya milimita mbili na kitu, umeme usitembee mbali. Sasa balaa ni kwamba metali haipitishi mwanga, kila mstari unaoweka ni kivuli umejiwekea mwenyewe. Ukiweka mingi ama mipana unaziba jua, ukiweka michache ama myembamba sana umeme unakwama. Daktari alinichorea kwa karatasi, mstari wa mikroni 120 kila milimita 2.4, hiyo tayari ni asilimia 5 ya seli umeifunika. Ukipanuka ukafika 180 ni asilimia 7.5. Hiyo hesabu nilielewa haraka kuliko fizikia yote, juu ni kama duka, asilimia imeenda.

Unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Viwandani sai wanachapa mistari chini ya mikroni 40. Sisi tulipewa skrini ya mikroni 100, na hata hiyo ilitutoa jasho.

Skrini yenyewe ilikuwa kitu cha kuoa. Neti ya chuma cha pua, nyuzi 325 kwa inchi moja, imewekwa kwa fremu ikiwa imelala pembe, haijanyooka na fremu, ndio nyuzi zisije zikaenda sambamba na mstari zikauziba. Emulsheni, ile dawa inayoziba neti mahali wino hautakiwi kupita, imepakwa nyembamba na laini, picha imekatwa safi kuliko chochote nimewahi kukata. Nikaigonga na kidole, ikalia juu kuliko neti yangu yoyote.

Siku ya kwanza nilivunja seli tatu. Kwa tishati ukiona wino haujashika dawa ni moja, unakandamiza, nguo ni laini, meza iko chini, hakuna kitu kitaumia. Silikoni ya sola ni kama mikroni 180 unene wake, ukiishika pembeni inapinda kidogo unadhani ni ngumu, lakini ikipata chembe ya mchanga chini yake na wewe unakandamiza juu, tik, kasauti kadogo tu kama kaki imevunjika ndani ya paketi, na unainua skrini unapata vipande. Hiyo kasauti hadi leo nikiisikia popote tumbo linanipanda. Tukaanza kufuta meza na kitambaa chenye spiriti kabla ya kila seli, kila seli, hata kama ya jana ilikuwa safi.

Na ile ya nne haikuvunjika lakini ilitoka vibaya, mistari imenona imevimba pembeni, juu nilikuwa nasukuma wino upite chini ya emulsheni. Ilichukua siku mbili kuacha mkono wangu wa tishati. Kitu kinachofanya mstari utoke safi sio kukandamiza, ni neti kuruka. Skwiji ikipita, neti nyuma yake inatakiwa iachane na seli hapo hapo, iinuke iuache uji umesimama pale. Neti ya poliesta unaipa pengo la milimita tatu hata nne inavumilia, chuma hakivutiki hivyo, tukashuka mpaka kama moja na nusu, nikaweka sarafu chini ya fremu kila kona, ya bob tano, ndio vipimo vyetu vya maabara hivyo. Mkono mwepesi, mwendo mmoja usiosimama. Ukisita katikati hata kidogo unauona huo msito kwa seli, kuna mahali mistari yote imenenepa kwa mpigo.

Uji wenyewe una tabia za ajabu. Ukiuacha umetulia ni mzito kama siagi ya karanga, ukiusukuma na skwiji unalainika unapita kwa neti, ukiuacha tu unarudi mzito. Hiyo ndio inafanya mstari usilale chini kama maji, unataka mwembamba lakini mrefu kwenda juu, umeme upate njia bila kuongeza kivuli.

Sasa hapo ndio nilifanya ujinga wangu mkubwa. Kisumu mnaijua joto yake, saa nane mchana chumba kile kilikuwa kama ndani ya matatu imefungwa madirisha. Wino wa maji wa tishati saa kama hizo unanikaukia kwa neti, so mimi kwa mazoea nikiona uji umebadilika naongeza kitone cha kulainisha. Daktari ametoka kupokea simu. Nikaongeza, kitone tu, na kijiti nikakoroga. Huo uji haukuwa unakauka kabisa, mafuta yake hayakauki haraka, ulikuwa tayari umelegea sababu ya joto, na mimi nikaulegeza zaidi. Tukachapa seli, mistari ikatanuka mbele ya macho yetu, miwili miwili ikashikana kama ugali umemwagika. Daktari akaangalia seli, akaangalia mkebe, akaangalia kijiti. Hakusema kitu. Mzee wa Kijaluo akinyamaza hivyo wewe jua. Nikamwambia, "Daktari, ni mimi." Akavuta kiti akakaa, akaniuliza pole pole nimeweka ngapi, akaandika kwa daftari, na mkebe huo ukawa wa kufanyia mazoezi tu. Sijawahi kuambiwa bei yake na sikuuliza. Kuanzia hapo tukawa tunachapa saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijaamka vizuri, na mkebe unakaa kwa friji unatolewa jioni iliyotangulia ndio ufike joto la chumba.

Nyuma ya seli unapaka aluminiamu karibu yote, hiyo ni rahisi, ni kama kuchapa doti kubwa, ila lazima uache vidirisha vya silva mahali riboni zitashika juu aluminiamu haishikani na solda ya kawaida. Ukichapa nene sana seli ikitoka kwa moto inapinda kama chapati imekaangwa upande mmoja, juu aluminiamu ikipoa inanywea kuliko silikoni.

Moto ndio ulitumaliza. Kwa tishati moto ni wa kukausha, basi. Hapa kukausha ni hatua ndogo, digrii kama 200, uji unakauka hautoki kwa kidole. Lakini mstari uliokauka bado haujagusa silikoni! Kati yao kuna ile ngozi ya bluu, kioo cha nitraidi kama nanomita 75 (nanomita elfu moja ndio mikroni moja), rangi yake ya bluu inatoka kwa unene wake tu, kama mafuta ya gari kwa maji ya mvua, na hiyo ngozi haipitishi umeme. So hapo ndio ule unga wa kioo ndani ya uji unafanya kazi yake. Kwenye moto wa digrii karibu 800 kioo kinayeyuka, kinakula ile ngozi ya bluu kinatoboa, silva inashuka nacho inashika silikoni. Nilipoelezwa nilikaa kimya. Wino unaokula kitu ulichouchapia! Kazi yangu yote maisha ni kuhakikisha wino unakaa juu ya nguo haili nguo.

Na ule mlo lazima ukatizwe. Ngozi ya fosforasi iko chini hapo hapo, nusu mikroni, kioo kikila kikapita hiyo umeunganisha juu na chini, seli imekufa, umeme unazunguka ndani hautoki. Ikiungua kidogo haijashika, ikizidi imetoboka, na kati ya hizo mbili kuna sekunde chache. Viwandani seli inapita kwa mkanda ndani ya oveni, inakaa kwa moto mkali sekunde kadhaa tu inatoka. Sisi tulikuwa na oveni ya kuchomea sampuli za udongo, mlango wa mbele, sanduku. Ya kwanza tuliiweka dakika moja nzima juu ya kigae. Ilitoka inapendeza, mistari inang'aa, nikafurahi. Daktari akaweka mita juani, volti sufuri nukta mbili, wakati seli nzima hutoa kama nukta sita. Ya pili tukaitoa mapema, kumbe kigae kilikuwa bado baridi, hakikupata hata nusu ya joto, volti zilikuwa sawa lakini ukiiweka kazi ampia hazitoki, ni kama mfereji umejaa na bomba limezibwa. Siku nyingine stima ikapotea oveni ikiwa 780 na seli iko ndani. Hiyo hatukuipima hata.

Kitu kilichotuokoa ni takataka. Nilifungua jiko la zamani la koili, nikanyoosha ile waya yake, nikasuka kiti chepesi cha kubebea seli, miguu minne na mkono mrefu, hakuna kigae cha kunyonya joto, seli inashikwa pembe tu. Daktari anafungua mlango, mimi naingiza, tunahesabu kwa sauti wote wawili, natoa. Tulichoma seli kumi na moja tukibadilisha hesabu, tukiandika. Kwa tisa haikushika, kwa ishirini ikatoboka, tukakaribia katikati. Joto la mlango lilinichoma nywele zote za mkono wa kulia. Mwishowe ikatoka moja ya sentimita tano kwa tano yenye volti nukta tano saba na ampia karibu nukta nane, Daktari akapiga hesabu zake akasema asilimia 11. Nikamuuliza hiyo ni nzuri? Akasema maabara ya Bell kule Marekani walipoonyesha seli yao ya silikoni 1954 ilikuwa asilimia 6. Basi nikatembea Kisumu nzima siku hiyo kama mtu amewashinda Wamarekani. (Silikoni tulinunua ikiwa tayari na bluu yake, hiyo sikuwaambia watu wa Kibuye.)

Nilimuuliza pia mbona tusitumie kopa, mimi nina kopa ya mota zilizoungua gunia zima. Akaniambia kopa kwa moto kama huo na hewa inaungua, na ikiingia ndani ya silikoni inaiua pole pole. Kuna wanaoipaka kwa njia nyingine wakiweka kizuizi katikati, lakini sio ya kuchapa tu na kuchoma. Ndio maana seli moja kubwa ya kawaida inabeba silva kama miligramu 100, na wenye viwanda wanalala wakiota kupunguza kumi.

Kitu nilichopenda kuliko vyote kilikuwa usiku. Daktari alikuwa na kamera ya zamani ametoa kile kichujio cha ndani kinachozuia infraredi. Tulifunga madirisha na blanketi, tukaipa seli umeme kutoka kwa pawa saplai badala ya kuutoa, na seli inang'aa. Macho hayaoni kitu, kamera ikiachwa wazi sekunde thelathini inaona. Seli yetu ikatokea kwa skrini ya laptopu kama kaa la moto la kijivu, na katikati kuna utepe mweusi, mnyoofu kabisa. Nikaenda na kioo cha kukuza nikatafuta hapo. Mstari wa kumi na tatu ulikuwa umekatika mahali pawili, pengo dogo la kuudhi, na ndani ya skrini kulikuwa na kipande cha unywele kimekwama kwa neti. Unywele wangu, mweupe. Kaunywele kamoja kameua utepe mzima wa seli.

Tangu hapo hata kazi zangu za kando zimebadilika. Watu wa Kondele wananiletea paneli zimekufa niwaangalizie. Zamani nilikuwa napachika solda moto mwingi nashikilia mpaka nione imelowa vizuri, sai najua risasi na bati ya moto inayeyusha silva ya ule mstari mpana inaila yote, unabaki na riboni imeshikilia hewa, so nashika sekunde mbili tatu naondoka. Na zile paneli zina alama za kahawia kama konokono ametembea juu ya seli, wenyewe wanasema ni kuvu ama ni radi, kumbe ukifuata ile njia ya konokono mara nyingi inapita juu ya ufa, unyevu umepanda kupitia ufa ukaibadilisha silva ya mistari rangi. Mwenye paneli huwa haamini mpaka nimpe kioo cha kukuza ajionee.

Daktari alinipa ile seli yenye mstari wa kumi na tatu, akasema si ya kuandika kwa ripoti. Nimesoldia waya mbili nyuma na mbele, nikaweka kamota ka mashini ya sidii iliyokufa, kamepachikwa propela ya kipande cha chupa ya plastiki. Msichana wangu wa miaka sita anaitoa nje kila Jumamosi. Juzi ilikuwa inazunguka vizuri, mimi nikainama kuangalia ule mstari umeharibika zaidi ama bado, propela ikaanza kuzubaa, ikasimama.

"Baba, songa huko," akaniambia. "Unaziba jua."